Safari ya Kuona Nuru za Kaskazini: Tupange Swala Kwanza, Tiketi Baadaye

Miongoni mwa maswali yanayoletwa katika ukurasa huu wa familia, limekuja moja ambalo miaka michache iliyopita tusingelitarajia kutoka Songea. Ipo familia hapa Mjimwema ambayo kijana wao anasoma chuo kikuu katika mji wa Tromsø, kaskazini kabisa mwa Norway. Kijana amewaalika baba yake, mama yake na wadogo zake wawili wamtembelee katika likizo ya Desemba, akiahidi kuwaonesha nuru za kaskazini, yaani ile mianga ya kijani na zambarau inayotanda angani usiku mithili ya pazia linalopeperushwa na upepo. Baba aliuliza habari ya gharama. Watoto waliuliza habari ya theluji. Mama yeye aliuliza neno moja tu: ikiwa huko mwezi wa Desemba jua halichomozi wala halizami, swala ya Magharibi ataiswali saa ngapi?

Tumelitafakari jambo hili kwa siku kadhaa, na tumeona kwamba swali la mama ndilo linalostahili kutangulia. Si kwa sababu ya uchamungu wake peke yake, bali kwa sababu likijibiwa vizuri, hujibu na mengine: mwezi gani wa kusafiri, siku ngapi za kukaa, nguo gani za kufungasha, hata fedha kiasi gani za kutenga. Safari iliyopangwa kwa tiketi kwanza huishia kuwa safari ya kukimbizana na swala. Iliyopangwa kwa swala kwanza huwa na utulivu ndani yake.

Nuru hizi ni nini?

Jua, mbali na joto na mwanga, humwaga pia mkondo wa chembe ndogo mno zenye umeme, ambao wataalamu huuita upepo wa jua. Chembe hizo huenda kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, na umbali wa kilomita milioni 150 uliopo kati yetu na jua huukata kwa siku chache tu. Zikifika karibu na dunia hukutana na uga wa sumaku wa dunia, ambao huzuia nyingi kati yake na kuziongoza nyingine kuelekea pande za ncha mbili. Huko huteremka na kugongana na hewa ya juu kabisa. Oksijeni iliyoko kwenye urefu wa kilomita 100 na zaidi hutoa rangi ya kijani. Iliyo juu zaidi ya hapo hutoa nyekundu. Nitrojeni hutoa buluu na zambarau. Kwa hiyo nuru hizo hujipanga kama pete kubwa iliyovikwa juu ya ncha ya dunia, na mji wa Tromsø uko chini ya pete hiyo.

Pete ya namna hiyo ipo upande wa kusini pia. Sisi wa Songea, tulio nyuzi 10 na ushei kusini mwa ikweta, ni wakazi wa nusu ya kusini ya dunia, na mtu angedhani kwamba tungepaswa kutazama upande huo. Lakini pete ya kusini imetanda zaidi juu ya Antaktika na bahari inayoizunguka, ambako hakuna miji wala barabara. Ndiyo maana wasafiri wengi huelekea kaskazini: Norway, Sweden, Finland, Iceland, Kanada na Alaska.

Jua nalo lina mzunguko wa takriban miaka 11 wa kuchachamaa na kutulia. Kilele cha karibuni kilikuwa mwaka 2024, na usiku wa tarehe 10 Mei mwaka huo dhoruba ya jua iliyokuwa kali kuliko zote kwa takriban miaka 20 ilizifanya nuru hizi zionekane hata katika nchi zilizo mbali na ncha. Wapo wauza safari wanaotumia habari hiyo kuwatia watu haraka, wakidai kwamba asiyekwenda sasa hataona tena. Familia zisihangaishwe na maneno hayo. Aliye chini ya pete huziona nuru hizi hata jua likiwa limetulia. Muhimu zaidi ni giza na anga lisilo na mawingu.

Muislamu wa kwanza kusimulia

Waislamu si wageni wa jambo hili. Mwaka 921 Ahmad ibn Fadlan alitoka Baghdad katika ujumbe wa Khalifa kwenda kwa Wabulgari wa mto Volga, katika nchi ambayo leo ni Urusi, akafika huko mwezi Mei mwaka 922. Katika taarifa ya safari yake ameeleza kwamba jioni moja aliona anga limekuwa jekundu, na ndani yake maumbo kama ya watu na farasi wenye silaha wakishambuliana. Yeye na wenzake walishikwa na hofu, wakaanza kuomba dua, na wenyeji wakawashangaa. Wasomi wengi wanaona kwamba alizokuwa anazieleza ni nuru za kaskazini.

Lakini katika taarifa hiyo hiyo lipo jambo lililo karibu zaidi na swali la mama wa Mjimwema. Ibn Fadlan ameeleza jinsi usiku wa kiangazi wa huko ulivyokuwa mfupi, hata wakati wa Isha na wakati wa Alfajiri ukakaribia kugusana. Mwadhini alimweleza kwamba wenyeji huswali Isha pamoja na Magharibi, na kwamba yeye mwenyewe kwa muda wa mwezi mzima alikuwa halali usiku kwa kuchelea kupitwa na swala ya asubuhi. Basi tangu zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, Muislamu aliyekwenda kaskazini alikutana na mambo mawili kwa pamoja: ajabu ya mbingu, na taabu ya kujua wakati.

Usiku usio na macheo

Hapa Songea tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mchana mfupi kuliko yote haifiki saa moja na nusu. Saa zetu za Kiswahili zenyewe zimejengwa juu ya neema hiyo: tunaanza kuhesabu saa moja pale jua lilipokwisha chomoza, na tunaanza tena pale lilipokwisha zama. Mtoto wa Mjimwema hukua akijua wakati kwa kutazama kivuli chake.

Tromsø iko zaidi ya nyuzi 69 kaskazini, ndani kabisa ya eneo la Aktiki. Kuanzia takriban tarehe 27 Novemba hadi tarehe 15 Januari jua halipandi juu ya upeo wa macho hata mara moja. Haimaanishi kwamba ni giza totoro muda wote. Karibu na saa sita mchana huja mwanga wa buluu kwa saa chache, kama ule tunaouona hapa kabla ya macheo, kisha hufifia. Kwa lugha ya wakati wa swala, alfajiri hupambazuka, ila jua lililotarajiwa kufuata halitokei. Halichomozi wala halizami, na hakuna kivuli cha kupimia Alasiri. Kiangazi mambo hugeuka: kuanzia takriban tarehe 20 Mei hadi 22 Julai jua halizami kabisa, na nuru za kaskazini, ingawa huenda zipo, hazionekani.

Katika Sura Al-Qasas, aya ya 71 na ya 72, Allah anawauliza waja wake: lau angeufanya usiku uwe wa daima juu yao mpaka siku ya Kiyama, ni nani mwingine angewaletea mwanga? Kisha akauliza vivyo hivyo kuhusu mchana wa daima. Sisi wa huku husoma aya hizo tukiwa na macheo kila siku mlangoni. Aliyekaa Tromsø mwezi Desemba huzisoma kwa sikio jingine.

Sasa jibu la mama. Wanazuoni wameegemeza suala hili juu ya Hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim kuhusu siku za Dajjal, pale Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoeleza kwamba siku moja itakuwa ndefu kama mwaka. Masahaba hawakuuliza habari ya chakula wala ya kukimbilia wapi. Waliuliza kama swala za siku moja zitatosha kwa siku hiyo. Akawajibu kwamba haitoshi, bali wakadirie kipimo chake. Kutokana na neno hilo la kukadiria, wanazuoni wamesema kwamba mahali ambapo alama za wakati zimekosekana, swala tano haziondoki, hukadiriwa. Wapo waliosema wakati ukadiriwe kwa mji wa karibu ambao usiku na mchana wake unapambanuka, na hilo ndilo mashuhuri katika vitabu vya madhehebu ya Shafii tunayoyafuata wengi huku. Wapo waliosema ifuatwe ratiba ya Makka. Waislamu wa Tromsø, wengi wao ndugu zetu wa Afrika Mashariki wenye asili ya Somalia, wamekuwa wakiitumia hiyo ya Makka katika vipindi ambavyo jua halichomozi au halizami.

Kwa msafiri wa siku chache, ushauri wetu ni mwepesi: awasiliane mapema na Waislamu wa mji anaokwenda, achukue ratiba yao, na aswali pamoja nao. Mtu asifike na ratiba yake ya peke yake akaanza kubishana na jamaa waliolifanyia kazi suala hilo kwa miaka mingi. Na kabla ya kuondoka amwulize sheikh wa msikiti wake hapa Songea, ili moyo wake utulie.

Upo na upande wa kibla. Anayeswali Mjimwema huelekea karibu kaskazini kabisa. Akifika Tromsø, kilomita takriban 9,000 kutoka hapa, atageuka kuelekea kusini, kwa kuegemea kidogo mashariki. Na kwa kuwa Songea na Makka ziko karibu katika mstari mmoja ukitazama kutoka kule juu, mzazi anayeswali Tromsø atakuwa ameelekea Al-Kaaba na nyumbani kwake kwa wakati mmoja. Watoto waoneshwe jambo hilo kwenye ramani kabla ya safari. Ni somo la jiografia na la dini kwa pamoja.

Mwezi gani unaofaa?

Msimu wa nuru za kaskazini katika Tromsø huanza mwishoni mwa Agosti au Septemba na kumalizika mwanzoni mwa Aprili. Likizo ndefu ya shule zetu mwisho wa mwaka huangukia ndani ya usiku ule usio na macheo. Likizo ya Juni huangukia katika mchana usio na machweo. Ndiyo sababu familia nyingi zenye watoto hujikuta zinachagua Desemba bila kutafakari.

Sisi tunaona mapumziko mafupi ya mwishoni mwa Machi, au yale ya Septemba, yana heri zaidi. Katika majira hayo mawili usiku na mchana hukaribia kulingana dunia nzima, na Tromsø nayo huwa na macheo, adhuhuri, kivuli cha alasiri na machweo kama kwingine. Swala tano zote hupata alama zake, na mama hana haja ya kukadiria Magharibi. Zaidi ya hayo, dhoruba za sumaku zinazozalisha nuru hizo huzidi kidogo katika miezi inayokaribia Machi 21 na Septemba 23. Na kwa mwezi wa Machi theluji bado ipo kwa wingi, hivyo watoto hawatakosa walichokitamani.

Jambo moja liangaliwe: Ramadhani. Kila mwaka hurudi nyuma kwa siku 10 au 11, na kwa miaka hii inapita katikati ya msimu wa nuru hizo. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari, na mwaka 2028 karibu na tarehe 28 Januari, kwa kutegemea mwandamo. Msafiri ameruhusiwa kufungua na kulipa, lakini kupanga kwa makusudi matembezi ya kustarehe ndani ya Mwezi Mtukufu si jambo tunaloweza kulishauri kwa familia.

Siku ngapi za kukaa?

Hakuna mtu anayeweza kumwahidi mwingine kwamba ataziona nuru za kaskazini. Jua linaweza kuwa limetulia, na hata likichachamaa, wingu moja linatosha kufunika kila kitu. Pwani ya Tromsø ina mawingu mengi, hivyo waongozaji huwachukua wageni kwa basi au gari dogo kuelekea bara, wakati mwingine hadi mpaka wa Finland, kulitafuta anga safi. Viza ya Schengen huruhusu kuvuka mpaka huo, lakini pasipoti ziwe mkononi. Mwenye kukaa usiku mmoja anabahatisha. Mwenye kukaa usiku wanne au watano ana matumaini mazuri.

Hapa fiqhi inaingia tena. Katika madhehebu ya Shafii, msafiri aliyenuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kufika na siku ya kuondoka, huhesabiwa mkazi tangu anapofika. Hafupishi swala wala hazikusanyi. Kwa hiyo anayelala Tromsø usiku wanne ana siku tatu kamili, na ruhusa za msafiri anabaki nazo. Anayelala usiku watano ana siku nne kamili, na huswali kikamilifu, kila swala kwa wakati wake. Tofauti ya usiku mmoja hubadilisha ratiba nzima ya ibada, na ni vyema ijulikane kabla ya kulipia chumba.

Matembezi ya kuzitafuta nuru huanza jioni, yapata saa kumi na mbili au saa moja, na hurudi saa saba au saa nane usiku. Mwenye ruhusa ya msafiri anaweza kuswali Magharibi na Isha kwa pamoja kabla ya kutoka. Asiye na ruhusa hiyo abebe mswala usiopenya maji, amwombe mwongozaji dakika chache. Hatari kubwa iko asubuhi. Aliyelala saa nane usiku, akiwa amechoka kwa baridi, na nje kukiwa hakuna jua la kumwamsha, ni rahisi sana kupitwa na Alfajiri. Kama mwadhini wa Ibn Fadlan, familia iwe na mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuwaamsha wengine, na kengele za simu zisiwe moja tu.

Udhu na mavazi

Wengi wetu tunaijua baridi ya Juni na Julai hapa Songea, na waliolelewa Mbinga katika milima ya Umatengo wataongeza kwamba sisi wa mjini hatujui kitu. Tromsø, kwa kuwa iko pwani na hupashwa na mkondo wa bahari wenye joto, si kali kama watu wanavyodhani: wastani wa Januari ni nyuzi chache tu chini ya sifuri. Lakini ndani ya bara, ambako anga safi hutafutwa, kipimo huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, na mtu husimama nje kwa saa nyingi bila kutembea.

Nguo zivaliwe kwa tabaka tatu. Ya ndani iwe ya sufu, maana pamba hunyonya jasho na kubaki na unyevu unaoganda mwilini. Ya kati iwe sweta nzito. Ya nje izuie upepo na maji. Viatu viwe vipana kiasi cha kuingiza soksi mbili, kwa kuwa kiatu kinachobana huzuia damu, na mguu usio na damu huganda. Akina mama na mabinti wataona kwamba sitara na baridi havigombani: suruali ya sufu chini ya gauni refu, na mtandio wa sufu chini ya kofia, hutimiza yote mawili. Gauni tu lisiburute kwenye theluji. Barabara za mji hujaa barafu yenye utelezi, na wenyeji hufunga chini ya viatu vyuma vidogo vyenye meno. Wazee wetu wasitoke bila hivyo.

Kuhusu udhu, sheria imetuwekea wepesi. Aliyevaa khufu, yaani soksi za ngozi zinazofunika vifundo vya miguu, akiwa na udhu kamili, anaweza kupaka maji juu yake badala ya kuosha miguu: mkazi kwa usiku na mchana mmoja, msafiri kwa siku tatu na usiku wake. Soksi nyepesi za kawaida hazitoshi katika madhehebu yetu. Theluji si udongo, na kwa Shafii haitayamamiwi. Ikiyeyushwa, hata hivyo, ni maji safi ya kutawadhia. Na kwa kuwa nyumba za huko zina maji ya moto, tayamamu kwa sababu ya baridi itahitajika kwa nadra sana. Iko wazi hata hivyo kwamba dini haikumtaka mtu ajidhuru. Amr ibn al-As, Allah amridhie, katika msafara wa Dhat as-Salasil, aliamka na janaba usiku wa baridi kali, akatayamamu na kuwaswalisha wenzake kwa kuchelea kuangamia. Habari ilipomfikia Mtume, rehema na amani zimshukie, alicheka na hakumlaumu.

Karatasi, chakula na fedha

Maandalizi yaanze miezi sita kabla. Kila mmoja, hata mtoto, awe na pasipoti yake, nayo huombwa Idara ya Uhamiaji kwa kitambulisho cha taifa na cheti cha kuzaliwa. Norway si mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ila imo katika eneo la Schengen. Ombi la viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari na lisipungue siku 15. Busara ni kuwahi kwa miezi miwili au mitatu. Tangu Juni 2024 ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na yuro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12, na haitolewi kwa aliye chini ya miaka 6. Ombi likikataliwa, ada hairudi. Bima ya safari iwe na kinga isiyopungua yuro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kurudi. Barua ya mwaliko ya kijana, pamoja na uthibitisho kwamba wazazi wana kazi, biashara au shamba la kurudia, huwa na uzito mkubwa.

Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 kwa basi, au kwa ndege ya ndani. Kutoka Dar, familia itapita Istanbul, Doha, Addis Ababa au Amsterdam, kisha Oslo, na kutoka Oslo kuna karibu saa mbili za ndege hadi Tromsø. Tiketi zisilipwe kwa mtu wa mitaani asiye na ofisi wala stakabadhi, na zisilipwe kabla ya viza kutoka.

Chakula hakina shida kubwa. Tromsø ni mji wa wavuvi, na samaki ni halali bila kuchinjwa. Chumba chenye jiko ni bora kuliko hoteli, kwa halali na kwa mfuko. Unga wa ugali unaweza kubebwa, lakini nyama na maziwa kutoka Tanzania haviruhusiwi kuingizwa. Norway ni miongoni mwa nchi ghali duniani: matembezi ya usiku mmoja kwa basi huweza kumgharimu mtu mmoja kroni 1,000 au zaidi. Kijana mwenyeji anaweza kuwaokoa na gharama hiyo, maana usiku wa anga safi nuru huonekana hata pembeni mwa mji, mahali pasipo na taa.

Na watoto waambiwe ukweli mapema: kamera hukusanya mwanga kwa sekunde kadhaa, hivyo picha huwa na rangi kali kuliko jicho linavyoona. Nuru ikiwa dhaifu, kwa macho huonekana kama wingu jeupe la kijivu. Atakayetarajia picha atavunjika moyo. Atakayetarajia anga lenyewe atashukuru.

Makka au Tromsø?

Tumebakisha neno zito. Wazazi hawa hawajahiji. Baba ana akiba ya mauzo ya mahindi na kahawa ya miaka kadhaa, na alikuwa ameitenga kwa ajili ya Hijja. Imamu Shafii anaona kwamba mwenye uwezo anaweza kuchelewesha Hijja akiwa na azma ya kuitimiza, na maimamu wengine wanaona ni wajibu wa papo hapo. Lakini wote wanakubaliana kwamba umri haumsubiri mtu. Rai yetu ni hii: ikiwa fedha inatosha safari moja tu, iwe ya Makka, na kijana ndiye arudi nyumbani kuwaona wazazi. Ikiwa zipo za kutosha zote mbili bila deni na bila kupunguza haki za wanaowategemea, basi Hijja iandikishwe kwanza, na Tromsø ifuate Machi ya mwaka mwingine, kama safari ya kuunga udugu na kutafakari uumbaji. Kutembea katika ardhi na kutazama ni jambo ambalo Qur'ani imelihimiza. Israfu ni jambo ambalo imelikataza. Mwenye kutaka ajabu ya mbingu na ibada kwa pamoja azingatie pia kwamba tarehe 2 Agosti 2027 jua linatarajiwa kupatwa kikamilifu juu ya Makka yenyewe.

Wala wasiokwenda popote wasijione maskini wa mbingu. Tarehe 1 Septemba 2016 watu walimiminika Rujewa, mkoani Mbeya, kutoka pande nyingi kulitazama jua likiwa pete ya moto, na sisi wa Ruvuma tuliliona limemegwa juu ya paa zetu. Tukakumbushwa kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu wala kwa kuzaliwa kwake, na akawasimamisha watu katika swala. Mwezi wa Juni na Julai, wakati mvua zimekwisha na anga la Mjimwema limekauka, mkanda mweupe wa nyota hupita karibu na utosi, mng'avu kuliko unavyoonekana Ulaya yote. Na alfajiri za majira hayo hayo Kilimia hurudi upande wa mashariki, kundi la nyota ambalo babu zetu walilipa jina kutokana na kulima. Baba na mama wakitoka msikitini baada ya Isha wawashike watoto mikono, wazime taa ya kibarazani, na wawaache watazame juu kwa muda. Hilo halihitaji viza, na ndilo zoezi la kwanza la atakayekwenda mbali.